Kielezi "apparently" na swali la "umejuaje?": maana, matumizi na tafsiri

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiingereza katika vyuo vyetu huingia darasani akiwa na lugha nyingine mbili au tatu: Kiswahili cha nyumbani na sokoni, Kifaransa cha shuleni na ofisini, na mara nyingi lugha ya wazazi kama Mashi, Kinande, Kibemba au Kiluba. Akikutana na neno jipya la Kiingereza, hulipitisha kwanza kwenye Kifaransa, kisha kwenye Kiswahili. Kwa maneno kama meza, mvua au kitabu, njia hiyo haina hatari. Kwa kielezi "apparently" hatari ipo, na ni kubwa kuliko tunavyodhani.

Kamusi nyingi hutupatia jibu moja: "apparently" ni "apparemment" kwa Kifaransa, na kwa Kiswahili ni "inaonekana". Jibu hilo si la uongo, ila ni robo tu ya ukweli. Katika makala haya tutaonyesha kwamba kazi ya kwanza ya kielezi hiki ni kumjulisha msikilizaji habari imemfikiaje msemaji. Kinajibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza kwa sauti: "Umejuaje?" Mfasiri asiyejiuliza swali hilo kabla ya kuchagua neno la Kiswahili anaweza kugeuza uvumi kuwa ushahidi, au ushahidi kuwa uvumi.

Tutaanza na historia fupi ya neno, tutaendelea na maana zake za leo, nafasi yake katika sentensi, maneno ya jirani na mitego ya Kifaransa. Mwishoni tutatazama kesi moja inayohusu nchi yetu, kisha tutatoa mazoezi.

2. Historia fupi: kutoka "waziwazi" hadi "inaonekana"

Asili ya neno ni kitenzi cha Kilatini "apparere", yaani kutokea, kuonekana. Kiingereza kilikipata kivumishi "apparent" kupitia Kifaransa cha kale, na baadaye kikakiongezea kiambishi "-ly" kupata kielezi.

Hapo zamani "apparently" lilimaanisha "waziwazi, bila kificho". Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inalitumia katika Hesabu 12:8, pale Mungu anapoeleza kwamba anasema na Musa mdomo kwa mdomo. Maana ya neno hapo ni "waziwazi", kinyume cha mafumbo. Shakespeare naye amelitumia kwa maana hiyohiyo katika tamthilia ya The Comedy of Errors, kuhusu mtu anayedharauliwa hadharani. Msomaji wa leo anayeweka "inaonekana" katika sehemu hizo mbili anapotosha maandishi.

Neno limefikaje upande wa pili? Njia yenyewe inaeleweka. Kitu kinachoonekana ni kitu kilicho wazi. Lakini kitu kinachoonekana ni pia kitu tunachokijua kwa sura yake ya nje tu. Kitenzi chetu "kuonekana" kina pande hizo mbili vilevile. Tukisema "mlima unaonekana kutoka hapa", tunathibitisha. Tukisema "anaonekana mgonjwa", tunakisia. Kiingereza kilianzia upande wa kwanza, na kielezi chake polepole kikahamia upande wa pili.

Pamoja na maana, sarufi nayo ilibadilika. Zamani "apparently" kiliweza kueleza namna ya kutenda, kama "clearly" katika "She spoke clearly", yaani alisema kwa ufasaha. Leo hatuwezi kuandika "She spoke apparently" tukimaanisha kwamba alisema waziwazi. Kielezi hiki sasa huhusu sentensi nzima: hakielezi tendo, kinaeleza uhusiano wa msemaji na habari anayoitoa.

3. Mtego wa kwanza: "apparent" si mama mtiifu wa "apparently"

Kielezi kimehama, lakini kivumishi kimebaki na mguu mmoja kila upande. Tulinganishe:

Mfano 1. It is apparent that the bridge is weak.
Ni wazi kwamba daraja ni dhaifu.

Mfano 2. Apparently, the bridge is weak.
Inaonekana daraja ni dhaifu. Au: Nasikia daraja ni dhaifu.

Maneno ni ya ukoo mmoja, lakini uzito ni tofauti kabisa. Mhandisi anayeandika sentensi ya kwanza amekagua na anasimama nyuma ya neno lake. Anayeandika ya pili huenda hajafika darajani.

Kanuni inayofaa kukumbukwa ni hii: "apparent" likija baada ya kitenzi "be", mara nyingi maana yake ni "wazi, dhahiri". Likija mbele ya nomino, mara nyingi maana yake ni "-nayoonekana, ya sura ya nje". Kwa hiyo "the apparent cause" ni sababu inayoonekana kwa sasa, ambayo uchunguzi unaweza kuikataa. Wanafalaki huita "apparent motion" mwendo wa jua kama tunavyouona tukiwa duniani, jua kuchomoza mashariki na kutua magharibi, ingawa dunia ndiyo inayozunguka. Msemo "for no apparent reason" una maana ya "bila sababu inayoonekana": haukatai kwamba sababu ipo.

Mabaki ya maana ya kale yamo pia katika "heir apparent". Huyu ni mrithi ambaye haki yake ni dhahiri na haiwezi kuondolewa na kuzaliwa kwa mtoto mwingine. Anayetafsiri "mrithi anayeonekana kuwa mrithi" anamtilia shaka mtu ambaye Kiingereza kinamthibitisha.

4. Maana za leo na njia nne za Kiswahili

Katika Kiingereza cha sasa, "apparently" hutumika hasa kwa namna nne. Kiingereza kinatumia neno moja. Kiswahili kinatudai tuchague.

(a) Dalili. Msemaji hakuona jambo lenyewe, ameona alama zake.

Mfano 3. The lecturer has apparently gone home: his office is locked.
Inaonekana mwalimu amekwenda nyumbani: ofisi yake imefungwa.

Hapa "inaonekana" linafaa. "Inaelekea" pia ni zuri, kwa kuwa linaonyesha kwamba dalili zinatupeleka upande fulani.

(b) Habari ya kuambiwa. Msemaji hakuona hata dalili. Ameletewa neno na mtu mwingine.

Mfano 4. Apparently the fees will go up next year.
Nasikia karo itapanda mwaka ujao. Au: Inasemekana karo itapanda mwaka ujao.

Hapa "inaonekana" ni udhaifu. Mwanafunzi aliyesikia habari hiyo kwenye korido hakuona kitu chochote. Katika Kiswahili cha mitaani kwetu angesema "banasema", na angekuwa sahihi kuhusu chanzo cha habari yake kuliko kamusi. Katika maandishi sanifu tunayo "inasemekana", "nasikia", "nimeambiwa". Hayalingani: "nimeambiwa" lina mtu fulani nyuma yake, lakini "inasemekana" halina mwenyewe.

(c) Ugunduzi. Msemaji anapata habari ambayo hakuitazamia, hata kuhusu nafsi yake.

Mfano 5. Apparently I snore.
Kumbe mimi hukoroma!

Mfano huu unastahili kutazamwa kwa makini. Aliyelala hawezi kujisikia akikoroma, lazima aambiwe. Ndiyo maana Kiingereza kinakubali "apparently" pamoja na nafsi ya kwanza hapa, na ndiyo maana "inaonekana mimi hukoroma" ni baridi. Kiswahili kina "kumbe", neno ambalo Mwingereza angetuonea wivu: linabeba habari pamoja na mshangao. Lakini mshangao ukikosekana, "kumbe" halifai. Katika "Apparently I was born on a Tuesday" msemaji anaweza kuwa anatoa habari tu, nasi tutasema "Nimeambiwa kwamba nilizaliwa Jumanne". Hakuna mtu anayeijua siku yake ya kuzaliwa kwa macho yake mwenyewe.

(d) Kujitenga. Msemaji anarudia neno la mwingine huku akionyesha kwamba halikubali.

Mfano 6. He was too busy to answer us, apparently.
Eti alikuwa na kazi nyingi mno, hakuweza kutujibu.

Sauti ndiyo inayofanya kazi kubwa hapa, na mara nyingi kielezi huwekwa mwisho. Neno "eti" linabeba dharau hiyo vizuri, na kwa sababu hiyo ni la kutumiwa kwa uangalifu. Mfasiri anayeweka "eti" mahali ambapo Kiingereza kilikuwa na maana (b) tu amemfanya msemaji amdhihaki mtu ambaye hakumdhihaki.

Njia zote nne zina jambo moja la pamoja: msemaji si shahidi wa macho. Mtu aliyesimama nje akilowa hawezi kusema "Apparently it is raining", isipokuwa kwa mzaha. Akiwa ndani, akiona watu wanaingia na nguo zinazochuruzika maji, anaweza. Kipimo hicho ni chepesi na hakidanganyi: kama msemaji alishuhudia, "apparently" si neno lake.

5. Nafasi katika sentensi

Kielezi hiki kina nafasi tatu za kawaida:

Mwanzoni, kikifuatwa mara nyingi na mkato: Apparently, the bus has left.
Katikati, baada ya kitenzi kisaidizi cha kwanza, au kabla ya kitenzi kikuu kama hakuna kisaidizi: The bus has apparently left. The bus apparently left at six.
Mwishoni, baada ya mkato: The bus has left, apparently.

Mwanzoni kinamwonya msikilizaji mapema. Mwishoni kinakuja kama nyongeza, na hapo ndipo kujitenga husikika zaidi. Kinaweza pia kusimama mbele ya kivumishi: "an apparently healthy child", mtoto anayeonekana mzima.

Kinaweza kuwa jibu peke yake. Mtu akiuliza "Has the exam been postponed?", jibu laweza kuwa "Apparently", yaani "Nasikia ndivyo", au "Apparently not", yaani "Nasikia hapana".

Hakizoei kuingia katika swali la kweli: "Has the bus apparently left?" inakwaruza sikio, kwa sababu anayeuliza hana habari ya kuitolea chanzo. Hakikubaliani na amri pia, kwa sababu hiyohiyo.

6. Ndugu na majirani

Wanafunzi hubadilishana maneno yafuatayo kana kwamba ni kitu kimoja. Kila moja lina mpaka wake.

"Seemingly" hukaa kwenye sura ya nje, na mara nyingi humwandaa msomaji kusikia kwamba sura hiyo inadanganya. "A seemingly easy question" ni swali linaloonekana jepesi, nasi tunangojea "lakini". Kwa habari ya kuambiwa, "apparently" ndilo hutumika zaidi.

"Evidently" hutegemea ushahidi ulio mbele ya msemaji. Mara nyingi lina nguvu kuliko "apparently", lakini bado ni hitimisho la mtu aliyekisia.

"Obviously" na "clearly" hudai kwamba hakuna haja ya kubishana. Mwandishi wa TFC anayeyatumia kila ukurasa anamnyima msomaji haki ya kudai uthibitisho.

"Ostensibly" huhusu sababu iliyotangazwa, huku tukishuku kwamba ipo nyingine. "He came ostensibly to greet us": alikuja kwa kisingizio cha kutusalimu.

"Reportedly" na "allegedly" ni maneno ya magazeti na mahakama. La kwanza ni "inaripotiwa". La pili linahusu hasa lawama isiyothibitishwa, "anadaiwa" au "anatuhumiwa". Mwandishi wa habari anayeweka "apparently" mahali pa "allegedly" anasikika kama mtu aliyekagua dalili mwenyewe, kumbe amepokea tu lawama ya mtu mwingine.

7. Mitego ya Kifaransa

Mtego mkubwa kwetu ni jozi "évidemment" na "evidently". "Évidemment" ya Kifaransa ni "bila shaka, ndiyo, ni wazi". "Evidently" ya Kiingereza ni dhaifu zaidi: "kwa dalili nilizo nazo". Mwanafunzi anayetaka kusema "bila shaka tutakuja" akaandika "Evidently, we will come" anasikika kama mtu aliyegundua safari yake mwenyewe kwa kusoma tangazo ukutani. Alihitaji "Of course".

Mtego wa pili ni vitenzi viwili vinavyofanana kwa sura. "Il paraît que" huleta habari ya kuambiwa, basi ni jirani wa "apparently" kwa maana (b). "Il apparaît que" hutoa matokeo yaliyobainika, basi ni jirani wa "it is apparent that". Silabi moja inatenganisha uvumi na matokeo ya uchunguzi.

Mtego wa tatu ni umbo la kitenzi ambalo magazeti ya Kifaransa hulitumia kwa habari isiyothibitishwa: "Le ministre aurait démissionné". Wengi wetu tumeliona likitafsiriwa "The minister would have resigned", na kwa Kiswahili "Waziri angejiuzulu". Sentensi hizo mbili zinasema kwamba waziri hakujiuzulu, ila angefanya hivyo kama jambo fulani lingetokea. Kifaransa hakikusema hivyo. Kiingereza kinachofaa ni "The minister has reportedly resigned" au "has apparently resigned". Kiswahili ni "Inasemekana waziri amejiuzulu". Kifaransa huweka onyo ndani ya kitenzi, Kiingereza hulitenga katika kielezi.

8. Uzito wa jambo: mfano kutoka Ituri

Mtu anaweza kuuliza kama inafaa kupoteza kurasa hizi zote kwa kielezi kimoja. Kesi ya Thomas Lubanga inatupa jibu. Hukumu yake, iliyotolewa tarehe 14 Machi 2012, ilikuwa ya kwanza ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya The Hague. Alipatikana na hatia ya kuwaandikisha jeshini watoto walio chini ya umri wa miaka 15 na kuwatumia katika mapigano ya Ituri mwaka 2002 na 2003.

Swali la umri lilikuwa kiini cha kesi, na sehemu ya ushahidi ilikuwa picha za video. Majaji walitambua kwamba kukadiria umri wa mtu kwa kumtazama kuna hatari ya makosa. Kwa hiyo walikubali kutegemea video pale tu ambapo mtoto alikuwa wazi chini ya miaka 15. Kwa lugha ya somo letu, walidai "clearly", wala hawakuridhika na "apparently". Mtoto anayeonekana kuwa na miaka 14 anaweza kuwa na 16. Mtoto ambaye kila mtu anayemtazama anaona kwamba hajafikisha 15 ni jambo jingine. Kati ya vielezi hivyo viwili kuna mpaka wa hatia.

Tuongeze jambo la lugha. Kiingereza na Kifaransa ndizo lugha za kazi za Mahakama hiyo, lakini mashahidi kutoka mashariki mwa nchi yetu walisema pia kwa Kiswahili. Kati ya kinywa cha shahidi na daftari la jaji alikaa mkalimani. Shahidi akisema "niliona", "nilisikia" au "banasema", ametoa vitu vitatu vyenye uzito tofauti mbele ya sheria. Mkalimani anayevimwaga vyote katika "apparently" amefuta tofauti ambayo shahidi aliifanya. Na anayetafsiri "apparently" ya wakili kwa "ni wazi kwamba" amemwekea shahidi mdomoni uhakika ambao swali halikuwa nao.

Si lazima kufika The Hague ili kukutana na tatizo hili. Wahitimu wa idara zetu huajiriwa Goma, Bukavu, Bunia na kwingineko kutafsiri mahojiano ya Kiswahili kuwa ripoti za Kiingereza. Anayesoma ripoti hiyo mbali na hapa ataamua kupeleka msaada, au kutoupeleka, kwa kutegemea kama kijiji "kimechomwa", "kinaonekana kimechomwa" au "inasemekana kimechomwa".

9. Mazoezi

Tafsiri kwa Kiswahili, ukijiuliza kila mara: msemaji amejuaje?

1. There was apparently a fight here: look at the broken chairs.
2. Apparently they are brothers! I never knew.
3. It soon became apparent that the water was not clean.
4. "Is the library open today?" "Apparently not. A friend has just told me."
5. The machine stopped for no apparent reason.

Majibu tunayopendekeza:

1. Inaonekana palikuwa na ugomvi hapa: tazama viti vilivyovunjika.
2. Kumbe ni ndugu! Sikuwahi kujua.
3. Punde ikawa wazi kwamba maji hayakuwa safi.
4. "Maktaba iko wazi leo?" "Nasikia hapana. Rafiki ameniambia sasa hivi."
5. Mashine ilisimama bila sababu inayoonekana.

10. Hitimisho

Tumeona kwamba "apparently" kilitoka kwenye uwazi kikafika kwenye kukisia na kuambiwa, huku kivumishi chake kikibaki pande zote mbili. Tumeona pia kwamba Kiswahili si maskini mbele ya neno hili. "Inaonekana", "nasikia", "kumbe" na "eti" zinagawana kazi ambayo Kiingereza kimemwachia mtumishi mmoja. Ugumu wa mfasiri hautokani na kukosa neno. Unatokana na kulazimika kujua jambo ambalo sentensi ya Kiingereza huenda haikulisema: habari ilitoka wapi. Muktadha ukilionyesha, achague kwa ujasiri. Usipolionyesha, na mwandishi yupo, amuulize. Mwandishi asipopatikana, achague neno lisilodai zaidi ya lile la asili, na asiandike kamwe "ni wazi kwamba".

Ushauri huo unamhusu pia mwandishi wa TFC. Kama umehesabu mifano mwenyewe, usiandike "The results apparently show", kwa kuwa msomaji atadhani hesabu ilifanywa na mwingine. Na kama umeipata habari kwa mwenzako tu, usiandike "clearly".